Taa Kuwaka Si Ushahidi

Mara nyingi nyumba inapoungua katika visiwa vyetu, taarifa inayofuata huishia na maneno matatu: hitilafu ya umeme. Maneno hayo yakishatamkwa, shauri hufungwa. Wenye nyumba hupewa pole, majirani huchangishana, na jengo la pili, ambalo nyaya zake ni za umri ule ule, huendelea kuwashwa taa kila magharibi kana kwamba halihusiki. Sisi tunaona kuwa umefika wakati wa kuuliza maswali yanayopaswa kufuata baada ya maneno hayo matatu. Hitilafu gani? Ilikuwa mahali gani? Ilikuwapo tangu lini? Na ni nani aliyepewa kazi ya kuitazama kabla haijawa moto?

Hitilafu ya umeme haizaliwi usiku mmoja. Hulelewa kwa miaka, ndani ya kuta na juu ya dari, katika nyumba ambayo kila mtu anaiona kuwa nzima kwa sababu taa zake zinawaka. Hapo ndipo kosa letu linapoanzia. Tumezoea kuhukumu nyaya kwa taa. Taa kuwaka si ushahidi wa usalama, na makala haya yanataka kueleza kwa nini, na kueleza pia ni kwa njia gani nyaya kongwe zinapaswa kuhukumiwa na wale waliokabidhiwa kazi hiyo.

Umeme si mgeni katika visiwa hivi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, linatajwa kuwa jengo la kwanza la Zanzibar kuwekwa taa za umeme. Nyumba za Mji Mkongwe zilifuata kidogo kidogo katika karne ya 20. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba ya Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha yakaja majumba marefu ya Michenzani katika miaka ya 1970, na mengine yakajengwa Pemba. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na gridi ya Tanzania Bara. Umeme wa vijijini ukafuata kwa msaada wa Norway, mwaka 2010 Pemba ikaunganishwa kutokea Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili wa baharini wenye uwezo wa megawati 100.

Hayo ni maendeleo, na kila mpenda nchi hujivunia. Lakini kila hatua katika historia hiyo imeacha nyaya zake ndani ya nyumba za watu. Tumeongeza nguvu ya umeme unaofika mlangoni, na mara nyingi hatukuzigusa nyaya zinazoupokea. Nyumba iliyotandazwa nyaya wakati majumba ya Michenzani yanajengwa ina nyaya za nusu karne. Nyumba ya kijiji iliyoungiwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo sisi bado tunaiita mpya, ina nyaya zilizopita miaka 30.

Katika kuzihukumu nyaya hizo, watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yanahukumu kwa dhana. Kundi la kwanza linasema: zinawaka, basi ni nzima, ziacheni. Kundi la pili linasema: ni za zamani, basi ni mbovu, zing'oeni zote. Kundi la kwanza linahatarisha roho za watu. Kundi la pili linamtwisha mnyonge gharama ambayo pengine haikumpasa, na akishindwa kuilipa anabaki pale pale alipokuwa, akiwa na khofu juu yake. Anayehukumu hana budi kutoka katika dhana na kuifikia yakini, na yakini katika jambo hili hupatikana kwa kufungua, kutazama na kupima.

Tuanze na hao wanaotosheka na taa. Ili taa iwake panahitajika nyaya mbili tu, wa moto unaoleta umeme na wa nyutro unaourudisha. Waya wa tatu, wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, hauna kazi yoyote siku ambazo mambo ni salama. Ukikatika, ukiliwa na kutu, au ukiwa haukuwekwa tangu mwanzo, taa haitapungua mwanga wala friji haitaacha kugandisha barafu. Kukosekana kwake hujulikana siku waya wa moto unapogusa bati la friji au la mashine ya kufulia, na mtu akaja kulishika akiwa amesimama pekupeku juu ya sakafu ya maji. Siku hiyo mwili wake ndio unaofanya kazi ya ethi.

Hata pale ethi ilipo, kuwapo peke yake hakutoshi. Tuchukue nyumba ambayo ethi yake ni fimbo iliyochimbiwa katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, na kiangazi kimeikausha ardhi hiyo. Ikiwa njia ya kupitia ardhini ina ukinzani wa omu 100, basi umeme wa volti 230 utakaovuja kupitia hapo hautazidi ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 5 haitakatika, sembuse ya ampea 15. Bati litabaki na umeme usiku kucha, fyuzi nzima, taa zinawaka, na wenye nyumba wamelala. Ndiyo sababu siku hizi mafundi waaminifu husisitiza iwekwe swichi inayokata umeme unaovuja, yenye kipimo cha miliampea 30, ambayo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde pale umeme unapotoka bila kurudi kwa njia yake. Nyaya kongwe nyingi zilitandazwa kabla swichi hiyo haijawa jambo la kawaida majumbani.

Taa kuwaka pia haituelezi hali ya maungio. Chukua ungio moja lililolegea ndani ya kisanduku, ambalo kulegea kwake kumeleta ukinzani wa nusu omu tu. Likipitisha ampea 10, hupoteza volti 5 kati ya 230, upungufu ambao jicho la mtu haliuoni. Lakini mahali hapo padogo panatoa joto la wati 50, ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, karibu na boriti kavu. Fyuzi haitasema neno, kwa kuwa ampea 10 hazikuzidi kipimo chake. Joto hilo hukausha ganda la waya, ganda likikauka hupasuka, na ungio huzidi kulegea. Siku moja hutokea ile hitilafu ya umeme inayoandikwa katika taarifa.

Na kama taa kuwaka si ushahidi, taa kuzimika nako si ushahidi. Katika nyaya nyingi za zamani fyuzi ziliwekwa pande zote mbili, upande wa moto na upande wa nyutro. Fyuzi ya nyutro ikikatika, nyumba nzima huingia giza, na mwenye nyumba hupanda ngazi akiamini kuwa hakuna umeme, ilhali waya wa moto uko hai mpaka ndani ya holda. Hali ni hiyo hiyo pale swichi ya taa ilipofungwa katika waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Taa inazimika kwa utiifu, na holda inabaki na umeme. Watu wameumia kwa kubadilisha taa iliyozimwa.

Sasa tuutazame ukongwe wenyewe unafanya nini. Nyaya za zamani zaidi zilivikwa mpira, na baadhi yake zikafunikwa kwa uzi wa pamba au kwa risasi. Mpira huo hukauka kwa joto na kwa miaka, ukawa mgumu kama ganda la yai. Waya wa namna hiyo unaweza kukaa kimya miaka mingi kwa sababu hakuna aliyeutikisa, kisha fundi akauvuta kidogo ili kufunga swichi mpya, ganda likamwagika vipande vipande na shaba ikabaki uchi. Nyaya zilizokuja baadaye, za plastiki, zilizoenea kuanzia miaka ya 1960, zinavumilia zaidi. Hizo mara nyingi haziharibiwi na umri wenyewe. Huharibiwa na joto la kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko unene wake, na hasa kwenye ncha zake, ndani ya soketi na holda.

Juu ya hayo, nyumba zetu zina tabia zake. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, na unyevu huo umebeba chumvi. Shaba na skrubu za soketi huota kutu ya kijani, na maungio hulegea. Paa likivuja, maji hufuata waya kama yanavyofuata kamba mpaka ndani ya swichi. Panya hula maganda juu ya dari. Zaidi ya yote, nyumba kubwa zilizojengwa kwa ukoo mmoja sasa zinakaliwa na familia nyingi, kila chumba na jiko lake, na nyaya zikiwa zile zile.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Waya haukubadilika, bali maisha yamebadilika. Fundi aliyetandaza nyaya za chumba miaka 50 iliyopita alihesabu taa moja, redio na pengine feni. Leo chumba hicho kina birika la wati 2,000, jiko la wati 1,500 na pasi ya wati 1,000. Vikiwashwa pamoja kwa volti 230, vinahitaji karibu ampea 20, na mara nyingi vyote vinanyonya kutoka soketi moja kwa ekstensheni. Wananchi wajue kuwa joto ndani ya waya haliongezeki sawa na mzigo. Mzigo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, kutoka ampea 5 mpaka 15, joto huwa mara tisa. Fyuzi iliwekwa ili ikatike kabla waya haujafika huko. Kazi yake ni kuulinda waya. Anayeitoa kwa sababu inakatika-katika, akatia kipande cha waya mnene au msumari, amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele mwizi alipoingia.

Hatuna budi kukumbuka pia miezi ya giza. Mwaka 2008 Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikaukosa kwa miezi mitatu. Watu walinunua jenereta ndogo, na walioweza walizifunga katika nyaya za nyumba kwa haraka ya siku zile. Umeme uliporudi, jenereta ziliwekwa stoo, lakini katika nyumba nyingine nyaya zile za dharura hazikuondolewa. Jenereta iliyofungwa bila ya swichi maalumu ya kubadilishia husukuma umeme nje, kwenye nguzo, na kumkuta fundi wa shirika aliyekata laini na kuamini kuwa imelala. Mkaguzi aingiapo katika nyumba asiache kuuliza: zamani jenereta mliifungia wapi?

Je, mkaguzi afanye nini ili ahukumu kwa haki? Kwanza, asikilize. Wakaazi wanajua swichi ipi inatoa moto, soketi ipi inanuka, na ukuta upi unachoma mkono mvua za masika zinaponyesha. Pili, atazame kwa macho kabla ya kugusa: rangi iliyogeuka kahawia pembeni mwa soketi, utepe uliofungwa juu ya utepe, nyaya mbili za rangi mbalimbali zilizounganishwa. Rangi nazo zina hatari yake. Katika utaratibu wa zamani tulioupokea kutoka kwa Waingereza, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi. Katika utaratibu wa sasa, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni ethi. Na pale penye laini tatu, nyeusi ni mojawapo ya laini za moto. Kwa hiyo waya mweusi uliokuwa nyutro kwa babu unaweza kuwa moto kwa mjukuu. Katika nyumba yenye nyaya za zama mbili, asiyepima rangi kwa kipimo amejiandalia ajali.

Tatu, azime swichi kuu, ahakikishe kwa kipimo kuwa umeme umekatika kweli, ndipo afungue. Ukaguzi wa kupita mlangoni na kuwasha taa moja moja si ukaguzi, ni ziara. Hawezi kufungua kila soketi katika jumba la ghorofa tatu, lakini afungue zile zenye mzigo mkubwa, zilizo kwenye ukuta wa unyevu, na zilizo mbali kabisa na mita. Kwenye waya wa mpira awe mpole, auchunguze pale ulipo bila kuuvuta.

Nne, apime. Testa ya mfukoni huonyesha ni waya upi wenye umeme, lakini haiwezi kusema ganda limebakiwa na nguvu kiasi gani. Kwa kazi hiyo kipo kipimo ambacho mafundi hukiita mega. Vyombo vyote vikichomolewa na taa zikatolewa, nyaya hutiwa volti 500 za kipimo, na ukinzani wa ganda husomwa. Kanuni za Uingereza zinazofuatwa na mafundi wengi zinataka usipungue megaomu 1. Nyaya kongwe zinazosoma megaomu nyingi, zenye maungio imara na mzigo unaolingana na unene wake, hazina kosa la kuhukumiwa kwa sababu ya umri tu. Nyaya za miaka 15 zinazosoma chini ya kiwango zimeshindwa, hata kama zinang'aa. Apime pia ukinzani wa ethi, na aijaribu swichi ya kukata umeme unaovuja kwa chombo chake. Kitufe kilicho juu ya swichi hiyo huthibitisha kuwa swichi inakata, lakini hakisemi lolote kuhusu fimbo iliyo ardhini.

Baada ya kupima huja hukumu, na hapa tunawaomba wahusika watusikilize kwa makini. Hukumu ikiwa moja tu, ya kukata umeme, watu watamficha mkaguzi. Mpangaji ataikinga kwa kabati soketi iliyoungua, na mwenye nyumba atasema funguo za chumba kile zimesafiri. Wazee wamesema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tukiri kuwa mgonjwa hujificha pale anapojua kuwa daktari hana dawa ila kisu. Sisi tunapendekeza hukumu za daraja tatu. Daraja la kwanza ni hatari iliyopo: shaba uchi mahali pa mkono, bati lenye umeme, ungio linaloungua. Hapo pakatwe saa ile ile, lakini ikatwe sehemu ile tu yenye hatari, pale inapowezekana kuitenga, ili familia isilale gizani kwa ajili ya soketi moja. Daraja la pili ni kasoro inayoweza kungoja kidogo, kama ukosefu wa ethi au fyuzi iliyozidi unene wa waya. Mwenye nyumba apewe muda ulioandikwa, na mkaguzi arudi. Daraja la tatu ni nyaya kongwe zilizo nzima; zisajiliwe, mzigo wake usiongezwe, na tarehe ya kuzipima tena ijulikane.

Na hukumu hiyo iandikwe. Iandikwe kwa Kiswahili, katika karatasi moja ambayo mama wa nyumba anaweza kuisoma, ieleze chumba gani, kasoro gani na hatari gani. Mkaguzi aandike pia mahali ambapo hakuweza kupafikia. Kusema "ukuta wa kusini haukufunguliwa" ni uaminifu. Kukaa kimya ni kuwafanya watu waamini kuwa umefunguliwa na kuonekana salama.

Kwa Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pana la kuongeza. Ukuta wa chokaa si wa kutobolewa mifereji ovyo na kuzibwa kwa saruji. Saruji huzuia ukuta usipumue, unyevu ukafungiwa ndani, na waya mpya ukaanza safari ya ubovu siku ile ile uliyowekwa. Nyaya mpya zipitishwe katika mabomba yaliyo juu ya ukuta pale inapofaa, na penye kuzibwa pazibwe kwa chokaa. Mafundi umeme na wahifadhi wa mji wakae meza moja kabla ya kazi kuanza. Usalama wa wakaazi na uhifadhi wa jengo haugombani, kwani jengo lililoungua halihifadhiki.

Lipo swali la nani alipe. Mpangaji husema nyumba si yake. Mwenye nyumba husema kodi haitoshi. Warithi wa nyumba moja, wengine wako Unguja, wengine Dar es Salaam, wengine Maskati, husubiriana. Msimamizi wa wakfu husubiri idhini. Katika kusubiriana huko waya hausubiri. Sisi tunaona kuwa nyaya zilizomo ukutani ni mali ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye mwenye dhima yake, awe mtu binafsi, wakfu au Serikali. Mpangaji naye ana dhima ya kile anachokichomeka. Shirika la Umeme, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, Shirika la Nyumba, Mamlaka ya Mji Mkongwe na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kila mmoja ana sehemu yake. Lakini sehemu tano zisizokutana hazifanyi kitu kimoja. Tunashauri zikutane, zianze na mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, jumba moja la Ng'ambo na kijiji kimoja cha Pemba, zikague kwa ukamilifu, kisha ziwaeleze wananchi walichokikuta na gharama ya kukitengeneza. Pale mnyonge atakaposhindwa, uwekwe utaratibu wa kulipa kidogo kidogo.

Viongozi nasi tuanze na majengo tunayoyasimamia. Skuli, vituo vya afya, afisi za shehia na afisi za Chama navyo vina nyaya kongwe. Hatuwezi kumuamuru mwananchi afungue soketi yake ilhali juu ya meza yetu ekstensheni moja inabeba kompyuta, friji na birika la chai. Masheha na mabalozi wa nyumba kumi wanazijua nyumba zao kuliko karatasi yoyote ya wizara. Wapewe mafunzo mafupi ya kutambua dalili, wapeleke taarifa, na kazi ya kupima waiachie kwa fundi aliyesomea. Vijana wetu wanaohitimu mafunzo ya amali na wale wa Taasisi ya Karume wapewe vipimo mkononi pamoja na vyeti, maana fundi asiye na kipimo hurudi kuhukumu kwa taa.

Ukaguzi unaofanywa siku ya kuungiwa umeme, hata ukifanywa kwa uadilifu wote, hueleza habari za siku hiyo tu. Nyumba ikaguliwe tena paa linapovuja juu ya nyaya, anapoingia mpangaji mpya, chumba kinapoongezwa, na kabla ya kununua chombo kikubwa kama kiyoyozi au mashine ya maji moto.

Kwa mwananchi, yapo mambo ambayo hayahitaji kungoja kamati. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona soketi imegeuka rangi, ukishika swichi ikawa na joto, au ukihisi mtetemo unapogusa bati la friji, usiseme "imezoea". Zima swichi kuu, usikitumie chombo hicho, na mwite fundi anayejulikana. Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta sababu, usitafute waya mnene zaidi. Watoto wafundishwe kuwa holda iliyozimika haichezewi. Na fundi akikwambia kuwa nyaya zako zote ni mbovu, muulize kwa adabu amezipima kwa kitu gani na kipimo kimesoma nini. Akikwambia kuwa zote ni nzima, muulize maswali hayo hayo.

Moto ukitokea, taarifa zetu nazo zibadilike. Tunaiomba kila afisi inayochunguza majanga, na sisi waandishi pamoja nayo, tusitosheke tena na yale maneno matatu. Iandikwe kuwa ungio lililegea, au fyuzi ilibadilishwa kwa msumari, au ethi haikuwapo, na waya ulikuwa wa umri gani. Taarifa ya namna hiyo inamwonya jirani akatazame ukuta wake, na inampa mkaguzi pa kuanzia katika nyumba inayofuata.